UZI: Viti vya pweza zaidi ya bilioni 5 walivyoyeyuka baharini, na muuaji alivyokuja kupatikana baada ya miaka 12

Mtanga wa Seattle

Wakuu salaam. Huu uzi nimekaa nao kifuani miaka mingi. Tangu majibu ya wataalamu yatoke Agosti 2025 nimekuwa nasema ntaandika ntaandika, leo sina zamu nimekaa chini.

Mimi mtu wa Tanga, nimezaliwa pwani nimekulia pwani. Saa hizi naishi Marekani jimbo la Washington, kule juu kabisa karibu na mpaka wa Kanada, sio ile Washington ya ikulu wengi wanachanganya. Naendesha basi. Siku ambayo siko kazini maji yakipwa nashuka pwani, mazoea ya utotoni hayaishi, japo maji ya huku ni baridi inauma mpaka mfupa.

Sasa mwaka 2014 mwezi wa 6 maji yalikupwa sana nikaenda ufukwe mmoja unaitwa Alki. Nilipokuwa mgeni huku yale mawe nilikuwa nayakuta yamejaa viti vya pweza, wa zambarau na wa rangi ya chungwa, wakubwa kama sahani ya wali, wamebanana kwenye mapango ya mawe hamna hata pa kuingiza kidole. Siku ile nikakuta mawe meupe. Nikadhani nimekosea sehemu, nikazunguka upande wa pili, ndo nikawaona wachache waliobaki.

Nikainama. Mmoja alikuwa kashikilia jiwe kwa mikono mitatu, ile miwili mingine imejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Mgongoni ana kidonda cheupe kimepasuka na vya ndani vinaning'inia nje. Pembeni yake kuna mkono umekatika, uko peke yake, na ule mkono ulikuwa BADO UNATEMBEA. Vimiguu vya chini vinashika jiwe vinaachia vinashika tena, unaenda zake na mwenyewe hayupo. Chini kabisa kwenye maji kuna ute mweupe mzito kama uji wa ngano uliomwagika, nikauangalia sana mpaka nikaelewa kwamba na ule nao alikuwa kiti cha pweza, wa jana au wa juzi.

Nimeona samaki wa baruti Tanga nikiwa mdogo, najua bahari iliyouawa inafananaje. Lakini hii hapakuwa na baruti wala mafuta wala harufu. Nilirudi nyumbani siku ile sikula.

Ntaendelea, nipeni dakika.

Kigoma Mwisho wa Reli

Mkuu sisi wa huku ziwani tusaidie kidogo, kiti cha pweza ndo nini? Pweza namjua, kiti chake ndo sijakielewa.

Mtanga wa Seattle

Samahani kaka, nimeandika kama vile wote tumetoka pwani. Ni yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, mara nyingi mikono mitano, wengine wanamwita nyota ya bahari. Sie tukiwa watoto tulikuwa tunaambiana pweza akichoka anakuja kumkalia ndo mana ya jina.

Na ni mnyama kweli sio mmea wala konokono. Hana ubongo. Hana damu. Mwilini mwake kuna maji, tena yanakaribia kabisa kuwa maji ya bahari, yanajaza uwazi wote wa ndani na kuzunguka viungo vyake, alafu ana mfumo mwingine wa vijibomba unaosukuma maji kwenye vimiguu vidogo vingi chini ya mikono ndo vinamtembeza. Akila kome anayavuta makombe yake mawili mpaka yanafunguka kidogo, anatoa TUMBO lake nje analiingiza mle ndani anamyeyushia humohumo. Ukimkata mkono anaota mwingine. Kiumbe ambaye ukiambiwa atakufa kwa ugonjwa wa kidonda huamini.

Hayo maji ya mwilini mwake yakumbukeni, mwisho wa stori yote iko hapo.

kijana_wa_chuo

Nimeweka kambi hapa, shusha mzigo mkuu

Mtanga wa Seattle

Haya. Ilianza Juni 2013, watu waliokuwa wanahesabu viumbe vya pwani kwenye hifadhi ya Olympic, upande wa bahari kuu wa hukuhuku Washington, wakaona viti vya pweza wana vidonda. Miezi michache mbele wapiga mbizi upande wa Vancouver Kanada nao wakaanza kukuta chini kumejaa ute na mikono iliyotapakaa. Kabla watu hawajakaa sawa ikawa California, ikawa Alaska, ikashuka mpaka Baja California huko Mexico. Maelfu ya kilomita za pwani. Zaidi ya aina 20 za viti vya pweza zikawa zinaumwa kitu kimoja: mikono inajikunja, vidonda vyeupe, mikono inakatika, mnyama anayeyuka. Kwa wengi ni siku chache tu mpaka wiki mbili toka akae vizuri mpaka awe uji. Mexico upande wa Ghuba ya California mwaka 1978 aina moja ilishawahi kufa hivohivo kwa wingi, lakini ukubwa huu haukuwahi kuonekana.

Aliyeumia kuliko wote ni mmoja kwa jina la kitaalamu Pycnopodia helianthoides, huku wanamwita wa alizeti na mimi ntamwita Alizeti. Jamani huyu mngemuona. Anazaliwa na mikono mitano kama wenzie, anakua anaongeza, anaongeza, mpaka 24. Upana wake anafika mita moja, yaani meza ya kulia chakula ya watu wanne. Na anakimbia, kwa kiti cha pweza, mita moja kwa dakika anafika, chaza na konokono wakinusa tu anakuja wanajaribu kutoroka. Rangi zake ni chungwa, zambarau, kahawia, na juu ni laini kama sponji.

Hesabu iliyofanywa baadae ikasema waliokufa ni kama bilioni 5.75. Asilimia 90 na zaidi ya Alizeti wote duniani. California na Oregon unaweza sema aliisha kabisa. Mwaka 2020 akaingizwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini zaidi kutoweka. Mwaka 2012 alikuwa mnyama wa kawaida kabisa ambaye wapiga mbizi walikuwa hawahangaiki hata kumpiga picha.

kijana_wa_chuo

Mkuu bila kukuvunjia heshima, huyu mnyama analiwa? Anauzwa? Nauliza kwa sababu naona kama dunia ina matatizo mengi kabla ya kufikia kiti cha pweza

Mtanga wa Seattle

Swali zuri mdogo wangu wala hujanikosea heshima, na mimi nilijiuliza hivohivo. Haliwi. Hauzwi. Hamna mvuvi aliyelala njaa siku ya kwanza.

Lakini kuna mzee mmoja wa chuo kikuu cha Washington, Robert Paine, alifariki 2016. Miaka ya 60 alikuwa anaenda kwenye mawe fulani ya pwani ya huku na mtarimbo, anawang'oa viti vya pweza wa zambarau wote anawatupa baharini, alafu kila akirudi anang'oa tena, miaka na miaka. Jiwe la jirani anawaacha. Kome wakashuka wakafunika jiwe zima, wale viumbe wengine waliokuwa wanaishi pale wakakosa pa kukaa, jiwe lililokuwa na aina zaidi ya kumi na kitu likabaki karibu na mali ya kome tu. Ndipo alipoanzisha ile fikra kwamba kuna mnyama mmoja kwenye mazingira ukimtoa yeye, nyumba nzima inaanguka, hata kama hawako wengi. Sasa yeye alitoa kwenye jiwe moja kwa mtarimbo. Ugonjwa umetoa pwani nzima.

Na kwa Alizeti ni hivi. Chini ya bahari ya huku kuna misitu ya mwani mkubwa, sio huu mwani wetu wa kufunga kwenye kamba, huu unasimama toka chini mpaka juu kama minazi, samaki wanazaliana humo. Adui wa huo mwani ni wale wa miiba, kila pwani ina jina lake, mimi nitawaita nungu wa baharini tuelewane. Na Alizeti kazi yake ni kula nungu. Anameza mzimamzima na miiba yake, anatema ganda. Hata mmoja kwa siku kwa wastani hafikishi, lakini walikuwa mabilioni.

Alizeti kafa 2013-2014. Mwaka huohuo 2014 mpaka 2016 likaja joto la bahari la ajabu, watu wa huku walilipa jina la Blob, mwani ukadhoofika. Nungu wakafumuka. Kaskazini mwa California kwenye pwani ya kama kilomita 350 msitu wa mwani ulipotea zaidi ya asilimia 90. Zaidi ya tisini ndugu zangu. Kuna konokono mkubwa wa thamani anaitwa abaloni alikuwa anategemea ule mwani, akafa njaa, ikabidi 2018 wafunge kabisa uvuvi wake kule California na familia zilizokuwa zinaishi kwa wageni wa uvuvi ule zikafunga biashara. Kwahiyo yule ambaye haliwi wala hauzwi ndo alikuwa ameshika mlango.

Kitu kingine ambacho mimi kilinikaa sana. Hao nungu wakimaliza mwani hawafi. Wanakaa pale kwenye jiwe tupu miaka, ndani hawana kitu, ukimpasua ni maji matupu, wanasubiri jani liote walile. Fisi maji anayekula nungu anawaacha hao, anawatafuta walioshiba kwenye vipande vya msitu vilivyobaki. Alizeti yeye wamemjaribu maabara, habagui mwenye njaa na aliyeshiba, wote anakula. Yani ndo alikuwa dawa ya hao watupu, na hayupo.

Kikande wa Shimoni

Kwanza shukran Mtanga, hii stori yako naisoma nikiwa nimekaa kwa dau na inanigusa kabisa. Mimi ni mvuvi, Kenya, pwani ya kusini.

Nataka watu wajue hii kitu ya nungu si ya Marekani peke yake. Hapa kwetu anayekula hawa wa miiba ni samaki anaitwa kikande. Ana meno magumu, anampulizia maji, anampindua, anamuuma kwa tumbo pale hakuna miiba mirefu. Tulivyomvua kikande sana kwa mitego na nyavu za kukokota, hao wa miiba wakajaa kwa miamba kila mahali, wanachimba mwamba mpaka unakuwa kama mkate umeliwa na mende, matumbawe yanavunjika, samaki wanahama. Kuna mtafiti ametafiti hii pwani yetu miaka mingi tangu miaka ya themanini, McClanahan, yeye ndiye ameonyesha kwamba ndani ya mbuga za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite kikande yuko na nungu ni wachache, nje ya mbuga kikande hakuna na nungu ni wengi kupindukia. Sisi tulikuwa tunaona kwa macho, yeye akahesabu.

Tofauti ni kwamba sisi kikande tulimaliza kwa mikono yetu wenyewe, na tukiamua tunaweza kumuacha akarudi. Hao wenu waliuliwa na nini?

Mtanga wa Seattle

Mzee wangu Kikande ahsante sana, hilo la kikande nilikuwa sijawahi kuliunganisha kabisa na hapa tumemla sana nyumbani bila kujua.

Sasa waliuliwa na nini, hapo ndo penye kisa. Mwaka 2014 jopo kubwa likiongozwa na Ian Hewson wa chuo cha Cornell likatoa matokeo kwamba ni virusi, aina ya densovirusi. Magazeti yote yakaandika, mpaka kwenye mbao za matangazo za pwani huku waliweka. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu ni virusi. Tatizo wakaanza kuvikuta hivo virusi kwa viti vya pweza wazima ambao hawaumwi kitu, na tayari walikuwa wameshavikuta kwenye vielelezo vya makumbusho vya tangu 1942, na wakijaribu kuwaambukiza aina nyingine haikubali. Hewson mwenyewe na wenzie wakarudi hadharani wakasema jamani virusi sio. Nampa heshima kubwa kwa hilo, mtu kusimama kwenye kazi iliyompa jina akasema nilikosea sio jambo dogo.

Ikaja fikra nyingine 2021 kwamba ni hewa, kwamba bakteria wa kawaida wanaozaliana juu ya ngozi yake wanamaliza oksijeni kwenye yale maji yanayomgusa anakosa pumzi. Wengine wakasema ni joto, na kweli sehemu nyingi joto na vifo vilienda pamoja, ila kuna sehemu walikufa maji yakiwa baridi. Ubaya kiti cha pweza akisumbuliwa na chochote, joto, maji mabaya, njaa, anafanya vilevile, anakunja mikono, anakatika. Kwahiyo ukimuona hivo hujui anaumwa nini. Miaka inapita, wanazidi kufa.

Daktari wa Ng'ombe

Mtanga naomba nichangie, mimi ni daktari wa mifugo Morogoro na hilo la mwisho nalijua vizuri kwenye zizi. Ng'ombe anayeharisha hakwambii anaharisha kwa nini. Na unaweza ukapima ukapata mdudu ukamshangilia kumbe yule mdudu yupo kwa ng'ombe wote wazima na wagonjwa.

Ndo mana tunafundishwa masharti ya Koch. Mjerumani Robert Koch, huyuhuyu aliyekaa visiwa vya Ssese pale Uganda mwaka 1906 na 1907 akihangaika na malale. Masharti yenyewe kwa kifupi: mdudu umkute kwa mgonjwa, umtoe umkuze peke yake maabara bila mchanganyiko, umpe mzima aumwe ugonjwa uleule, alafu umtoe tena kwa huyo uliyemuumwisha umkute ni yuleyule. Virusi vya 2014 vilikwama hapo. Waliotoa majibu ya 2025 walifikisha masharti yote?

Mtanga wa Seattle

Walifikisha daktari. Na ngoja niandike vizuri sababu nimesoma hii kitu mara nyingi sana.

Ni watu wa taasisi ya Hakai na chuo cha British Columbia huko Kanada, pamoja na chuo cha Washington na wengine, anayeongoza andiko ni Melanie Prentice na mkubwa wa kazi ni Alyssa Gehman. Miaka kama minne. Majaribio waliyafanyia kituo cha Marrowstone, ni kisiwa ambacho toka kwangu ni mwendo wa masaa mawili hivi, na mimi miaka yote hiyo napita na basi langu sijui kama jibu linapikwa pale.

Kwanza walichukua Alizeti wazima wakawaweka karantini. Alafu wakawaweka na wagonjwa, au wakawapa maji ya wagonjwa, au kipande cha nyama ya mgonjwa iliyosagwa, wakaumwa. Ila sehemu ya yale waliyowapa waliyapasha moto kwanza, mengine wakayachuja kwa chujio la kukamata vijidudu. Waliopewa yaliyopashwa moto au kuchujwa wakabaki wazima. Kwahiyo ni kitu kilicho hai, tena kikubwa kuliko virusi.

Sasa kumbukeni nilisema maji ya mwilini. Watu wengi kabla yao walikuwa wanachukua kipande cha NGOZI au nyama. Nyama ya mnyama anayeoza imejaa kila aina ya mdudu, wauaji na waliokuja msibani. Hawa wakafyonza kwa sindano yale maji ya ndani, ambayo ndo kama damu yake, wakalinganisha ya mgonjwa na ya mzima. Na pale ikasimama wazi, kwa wagonjwa yupo bakteria anaitwa Vibrio pectenicida, kwa wazima hayupo. Mwenzao Amy Chan akamkuza peke yake. Wakawachoma wazima na yeye peke yake. Mikono ikajikunja, ikakatika, wakafa, na ndani yao wakamkuta yuleyule.

Miaka 12 watu wanamtafuta kwenye ngozi na yeye yumo kwenye maji. Nilisoma nikiwa nimepaki basi mwisho wa njia nikakaa tu.

Daktari wa Ng'ombe

Vibrio! Hiyo ni familia ya kipindupindu kabisa, Vibrio cholerae. Na tabia yao wengi ni moja, wanapenda maji ya uvuguvugu, ukipanda joto wanaongezeka.

Mtanga wa Seattle

Ndiyo daktari, ndugu wa kipindupindu. Huyu pectenicida alishajulikana toka miaka ya 90 Ufaransa, alikuwa anaua vitoto vya kombe kwenye mashamba ya kufugia. Na hilo la joto linaelezea kitu kingine: huko British Columbia Alizeti waliobaki wengi na wakubwa wapo kwenye zile hori nyembamba ndefu zenye kina kirefu, ambako maji ya theluji yanashuka toka milimani na chini kunabaki baridi. Wamejificha humo kama watu waliokimbilia mlimani.

Mama Mwani

Assalam aleikum nyote. Mie ni mama wa Unguja, upande wa Jambiani, nalima mwani. Mwanangu wa kike kanisomea uzi huu tangu mwanzo maana macho yangu si mazuri, na haya yanaandikwa na yeye.

Mwanangu Mtanga, hilo la maji ya moto na maradhi mie silisomi kwenye kitabu. Zamani tukilima mwani ule mnene, wa cottonii, bei yake nzuri. Maji yakaanza kuwa moto, moto mpaka unatoa mguu, na mwani ukaanza kuwa mweupe matawini, unalainika, unakatika unakwenda na maji, unakuja asubuhi unakuta kamba tupu. Tumebaki na huu mwembamba, bei yake haifiki nusu. Kwa hiyo ulivyosema mkono umekatika ukenda peke yake mie nimeona mwani wangu.

La pili, viti vya pweza huku tunao wale wekundu wenye nundu. Wageni wanapelekwa na boti kwenye fungu, wanawatoa majini wanawapanga mchangani wanapiga picha, wanawaweka hata kichwani. Wengine wanakaushwa wanauzwa. Mie nawakataza wale vijana, wananambia bibi huyu hafi. Nauliza, maradhi hayo yataweza kufika kwetu?

Mtanga wa Seattle

Waaleikum salaam mama yangu shikamoo, na mwanao nampa pole na hongera ya kuandika yote.

Mama, Alizeti na wenzie ni wanyama wa maji ya baridi ya Pasifiki, wale wenu wekundu ni aina nyingine kabisa, kwahiyo sitaki kukutia hofu ya ugonjwa huu. Lakini bahari yetu sio kwamba haijaguswa. Mwaka 2023 wale nungu weusi wa miiba mirefu walikufa kwa wingi Bahari ya Shamu, na mwaka huohuo wakafa kisiwa cha Reunion, ambacho kiko bahari hiihii yetu, mashariki ya Madagaska. Muuaji wao ni mwingine, kijidudu cha seli moja, jamaa wa yule aliyeua nungu wa Karibiani 2022. Na nungu sio wa kuchukiwa kila mahali, kule Karibiani walipokufa mwaka 1983 majani yakafunika matumbawe mpaka leo hayajarudi vizuri. Ni kama chumvi, ikizidi shida, ikikosekana shida.

Na hao vijana wa boti waambie hivi mama: kiti cha pweza anapumua kwa ngozi na vile vimiguu, ukimtoa majini anakosa pumzi hapohapo. Hafi mbele ya mgeni, ndo mana wanadhani hafi.

Kikande wa Shimoni

Mtanga nimeuliza moja tu ya mwisho. Huko wanafanya nini sasa baada ya kumjua muuaji? Kuna dawa?

Mtanga wa Seattle

Dawa ya kumwaga baharini hamna mzee. Kinachofanyika, tangu 2019 pale Friday Harbor, visiwa vya huku kwetu, kuna Jason Hodin na wenzake wanawazalisha maabara. Kitoto kinaelea kwenye maji wiki kadhaa, alafu kinatua kinakuwa kama punje ya mchanga yenye mikono mitano, unamlisha kwa darubini. Februari 2024 na San Diego wakafanikiwa kuwazalisha, vitoto vikagawiwa kwa matangi mengine ya California. Sasa kwa kuwa muuaji anajulikana wanaweza kupima mnyama kabla ya kumrudisha baharini, na kutafuta kama kuna ambao wanamstahimili wazaliane hao. Zamani ulikuwa unamrudisha kiumbe kwenye maji hujui unampeleka kwa nani.

Na wale wa zambarau wa pale Alki wameanza kurudi. Wadogo, kama sarafu, kama kiganja. Kila maji yakipwa nawahesabu.

Mama Mwani

Unawahesabu vipi? Maana mie kila bamvua, maji yakipwa sana, nipo pale, naweza na mie.

Mtanga wa Seattle

Rahisi mama. Chukua kamba ya mwani iliyochakaa, pima mita kumi, ilaze sehemu ileile kila bamvua, weka alama ya jiwe kubwa usisahau. Tembea nayo taratibu, hatua moja kulia hatua moja kushoto, kila kiti cha pweza ndani ya hapo mwite kwa sauti binti aandike. Andika tarehe, andika wangapi, andika kama kuna mwenye kidonda cheupe au mkono uliojikunja. Ukikuta sifuri andika sifuri, usiache ukurasa mtupu. Huku walijua wamekufa wangapi kwa sababu kuna watu walikuwa wameshahesabu kabla.

Mama Mwani

Bamvua ya mwezi mwandamo ndo hii inakuja. Daftari lipo, la skuli, kurasa za nyuma hazijaandikwa. Inshallah nitaleta hapa.

Kikande wa Shimoni

Mama nami nitahesabu hapa Shimoni siku hiyohiyo, na kikande nitawaandika pia. Mtanga tupe saa ya kupwa kabisa tuanze pamoja.